Watoto wa Mumbo

Katika kijiji kizima cha Kalembe, mwanamke mmoja tu ndiye aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe, na huyo hakuwa na mume. Wengine wote walikuwa na waume, na kwa sababu hiyo hawakuwa na nyumba. Walilala katika nyumba za waume zao na wangeweza kutolewa humo kabla mihogo waliyoipanda haijaiva. Nyumba ya Léontine ilisimama nyuma ya nyumba ya baba yake, mlango ukitazama mlango, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia atoke.

Wazee walimwita mwanamke wa namna hiyo mumbo. Baba asiye na mtoto wa kiume alimtoa binti yake mmoja kwa roho wa ukoo, na tangu siku hiyo roho ndiye mume. Mahari hayakupokelewa. Mwanamume aliyempenda aliomba ruhusa kwa baba, akaja, akala, akalala, akaenda zake. Watoto waliozaliwa walikuwa wa babu yao, damu na jina. Léontine alitolewa akiwa na miaka saba. Sasa, mwaka wa 1954, alikuwa na ishirini na minane na watoto watatu: Hélène wa miaka kumi na mmoja, Nestor wa minane, na Emérita ambaye bado alitembea akishika nguo ya mama yake.

Théophile, katekista wa kapela, alifika Jumatatu ya pili ya Kwaresima. Watu walimwita Mwalimu kwa kuwa ndiye aliyefundisha sala na kusoma katika banda moja la miti. Alikuwa amevaa viatu ingawa njia yote ilikuwa tope, na kwapani alibana daftari la majina ya watakaobatizwa Pasaka.

"Jambo yenu hapa."

"Jambo sana, Mwalimu. Ikala," alisema baba yake Léontine, akampa kigoda chake.

Mzee huyo alikuwa amesomea ubatizo miaka minne. Jina la Isidore alilichagua mwenyewe mwaka wa kwanza, na kijiji kizima kilikuwa kimeanza kumwita Papa Isidore kabla hajamwagiwa hata tone.

"Papa Isidore, mafundisho unajua. Amri kumi unazijua kunishinda," Théophile alianza. "Lakini Padri anasema nyumba yako haiko safi."

Mzee akatazama ua wake. "Léontine alifagia asubuhi."

"Sisemi ya fagio, Papa. Nasema ya binti yako. Alibatizwa, iko na jina ya mutakatifu, iko na batoto tatu, na bwana haiko. Sasa, Honoré alikuja kwangu. Anataka kumuoa mu kapela, na kuandikisha batoto kwa jina yake. Ukikubali, jina yako inaingia hapa." Akagonga mstari mtupu kwa kidole. "Ukikataa, ngoja mwaka mwingine. Na wewe sasa uko muzee."

"Honoré atatoa nini?"

"Atoe nini tena? Anasema batoto ni yake tayari."

"Nani alisema ni yake?" Léontine aliuliza kutoka mlangoni kwake, akiwa na kisu na muhogo mkononi.

"Mama, sikuongea na wewe."

"Njo maana nauliza."

Théophile alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika chakula kisiingie inzi. Alimwambia mzee kwamba Padri atafika Jumapili, akaondoka akichagua mahali pa kukanyaga.

*

Siku ya pili yake kamio, lori la misheni, lilikwama kwenye daraja la miti chini ya kijiji. Wanaume waliitwa kusukuma. Papa Isidore hakuwa na nguvu za kusukuma, kwa hiyo alipewa kazi ya kulinda masanduku ya dawa pembeni mwa barabara. Juu ya sanduku moja alikaa Masera Adelaïde, mtawa Mzungu mwenye nguo nyeupe iliyojaa tope hadi magotini, aliyekuwa anakwenda kutibu wagonjwa huko Walikale. Alikuwa anajifuta vidole, na katika kidole kimoja mzee aliona pete.

"Mama, bwana yako iko wapi?" aliuliza. "Anakuacha peke yako mu njia hii?"

Masera alicheka, akaonyesha juu. "Bwana yangu ni Yesu. Masera wote ni bibi ya Yesu."

"Yesu ule ule?"

"Ule ule."

Mzee alisogea karibu. "Na papa yako, alikubali?"

"Alilia siku mbili. Halafu alikubali."

"Mali ya kuoa, alikula nini?"

"Hakukula kitu. Hakuna mali."

"Na leo muntu akikuja hapa na mbuzi kumi, anataka kukuoa?"

Masera aliacha kucheka. Alimtazama mzee vizuri, akaona kwamba hakuwa anafanya mzaha. "Hawezi," alimjibu. "Mimi iko na mwenyewe."

Papa Isidore aliweka mkono kichwani. Alijisikia kama mtu aliyetembea siku nyingi katika nchi ya wageni, kisha akasikia mtu nyuma ya ukuta anamwita kwa lugha ya kwao. Miaka minne walimfundisha kwamba alichomtendea binti yake ni giza. Kumbe na wao wanatoa mabinti zao! Tena wanawavika nguo nyeupe, wanawapa na kamio. Alipopanda kurudi kijijini alikuwa anacheka peke yake, na wanawake waliotoka shambani walidhani amekunywa kasiksi.

Hakumwambia binti yake. Alikamata jogoo wake mwekundu awe zawadi ya Mwalimu, akaenda moja kwa moja kwenye banda la kapela, ambako watu kama thelathini walikuwa wameketi kwa ajili ya mafundisho ya jioni.

"Mwalimu, maneno imekwisha," alisema akiwa bado mlangoni. "Léontine hana lazima ya Honoré. Yeye iko sawa na Masera Adelaïde. Tumuhamishe tu. Atoke kwa bwana yake ya zamani, aingie kwa Yesu. Abaki mu nyumba yake, na batoto yake. Pete nitatafuta mimi."

Nyiramana, mjane aliyekaa mstari wa nyuma, alifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kumtetemeka. Kicheko kikapita kutoka benchi hadi benchi.

Théophile hakucheka. Aliona mbele yake uso wa Padri akisikia habari hii, na aliona koti lake, na viatu vyake, na banda hili ambalo alilijenga kwa mikono yake, vyote vikipewa mtu mwingine.

"Unasema masera ni mumbo? Unasema masera wanapokea wanaume?"

"Hapana, sikusema ile. Kila bwana na desturi yake. Ya kwetu alikubali batoto, ya kwenu alikataa. Lakini kutolewa ni kutolewa."

Kicheko kilikatika. Wengine walimtazama mzee kwa namna mpya, maana wazo hilo walikuwa nalo wao wenyewe na hawakuthubutu kulitoa mdomoni. Théophile aliona macho yale. Akafungua daftari, na ingawa mstari wa mzee ulikuwa mtupu, akaupiga wino kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Bitasimwa," alisema. Hilo ndilo lilikuwa jina la mzee la kuzaliwa, na kwa miaka minne hakuna aliyemwita hivyo. "Bitasimwa, toka nje. Jumapili, wewe na binti yako mutapiga magoti mbele ya Padri. Mutaomba musamaha kwa Mungu, kwa masera, na kwa bakristu wote. Na yeye atakubali Honoré mbele ya watu. Bila ile, usirudi hapa."

Mzee alitoka. Jogoo alibaki. Alifungwa mguu kwenye nguzo ya banda, na hakuna aliyefikiria kumrudisha.

*

Honoré alimkuta Léontine kwenye kijito, akitoa mihogo iliyolowekwa siku tatu. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, katika machimbo ya bati huko upande wa Walikale, mtu wa maneno matamu na mwendo wa haraka. Alikuwa amevaa koti la mvua la kampuni ingawa jua lilikuwa kali.

"Léo."

"Usiniite vile mchana."

Akacheka, akachutama juu ya jiwe. "Nimesikia ya muzee. Kambini watacheka mwaka muzima. Anataka kumupa Yesu bibi na batoto tatu!"

"Cheka vizuri, halafu sema kilichokuleta."

"Nilikuja juu ya nyumba. Kampuni inatoa nyumba ya matofali kwa muntu wa ndoa. Bati juu, simenti chini. Na posho, Léo. Muchele, mafuta ya mawese, samaki ya chumvi, kwa kila kichwa ya mutoto. Lakini mutoto bila karatasi, hapana."

"Basi wewe unataka samaki."

"Nataka batoto yangu."

Léontine alikamua maji katika kipande cha muhogo hadi kikavunjika. "Nestor alipokamatwa na kifua, ulikuwa wapi?"

"Ku kazi."

"Papa yangu alimubeba mu mugongo siku mbili, ku dispansere. Yule muzee ya kuchekwa. Sasa nikuulize. Mara yako ya kwanza kuja kwangu, uliomba nani njia?"

Honoré aliokota changarawe, akaitupa majini.

"Ulileta mbuzi kwa papa," Léontine aliendelea. "Ukasema: naomba kuingia, batoto itakuwa yenu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Hakuna aliyekukamata shingo."

"Nilikuwa kijana."

"Na mimi nilikuwa muzee?"

"Mambo inabadilika, Léo. Leo karatasi haijue roho. Karatasi inajua papa na mama, njo vile."

"Sawa. Miaka ine ao tano, Hélène anaolewa. Mbuzi zake zinafungwa ku mulango ya nani?"

"Ya papa yake," alisema Honoré, haraka, kabla hajajua amesema nini.

"Njo pale tumefika," alisema Léontine.

Akabeba kikapu chake. Honoré alisimama, akamshika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini kwamba pamoja na hayo yote anampenda, kwamba hakuna mwanamke mwingine huko kambini, kwamba amechoka kuomba njia kwa mzee kila mara kama mgeni. Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lilimuuma Léontine njia nzima. Kama angekuja na maneno hayo peke yake, bila nyumba, bila samaki, bila karatasi, angempikia siku hiyo hiyo.

*

Jioni ya Jumamosi mzee hakugusa ugali. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilipoa mbele yake mafuta yakaganda. Watoto walikula wakimwangalia, na Hélène, aliyekwisha kusikia shuleni jinsi babu yake anavyoigizwa na wenzake, alikuwa na mkwaruzo mpya kwenye shavu ambao alikataa kuueleza.

"Kula, Papa."

"Niko na shiba ya mambo ya Mwalimu."

Léontine aliwatuma watoto nje. Alijua baba yake anafikiria nini. Mama yake Léontine, Anastasie, alibatizwa kabla ya kufa na alizikwa nyuma ya kapela, ambapo walilazwa wabatizwa tu. Mara mbili kwa juma mzee alikwenda kupalilia kaburi lile. Pembeni mwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na kila msimu wa mvua watu walikufa.

"Unataka niende kwa Honoré?" alimuuliza.

"Sikusema."

"Sema basi."

Mzee alijifuta mikono ingawa haikuwa na kitu. "Mama," alisema, kwa maana hivyo ndivyo alivyomwita tangu utoto wake, "kupiga magoti ni kitu gani? Mimi nilipiga magoti kwa karani wa kodi. Nilipiga magoti kwa kapita wa barabara. Unapiga, unasema maneno yao, unasimama. Goti haikatike."

"Na kesho yake Honoré anakuja na kamio ya kampuni, anapakia batoto. Utasimama na kusema yalikuwa maneno tu?"

Mzee alisukuma sahani ya ugali pembeni.

"Hélène atapika kwa nani? Nestor atamuita nani babu? Nyumba hii, Papa, ulinitoa ili isifungwe. Sasa unataka niifunge mimi?"

"Nataka kulala pale kwa mama yako," alisema mzee. Na kwa kuwa hakuwa amewahi kulisema kwa mdomo, sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, hadi watoto huko nje wakanyamaza.

Léontine alifunika sombe iliyopoa. Halafu alisema, "Kesho nitaenda na wewe. Nitavaa vizuri. Usiniulize zaidi."

*

Jumapili watu walikuja hata kutoka vilima vya Masisi, maana habari ya mzee aliyetaka kumpa Yesu mumbo ilikuwa imewafikia sokoni. Benchi zilijaa. Wengine walisimama nje na kuchungulia kati ya miti ya ukuta. Padri alifika kwa pikipiki, Mzungu mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Hakuwa mkali. Alisoma misa, akahubiri kifupi, kisha akaketi na kumwachia Théophile.

Papa Isidore alipiga magoti juu ya udongo. Théophile alisema, na yeye akafuata.

"Nilitukana masera."

"Nilitukana masera."

"Nilitukana Bwana Yesu."

"Nilitukana Bwana Yesu."

"Nilimutoa binti yangu kwa shetani."

"Nilimutoa binti yangu," alisema mzee, akanyamaza. Kwenye dirisha mtu alisogea ili aone vizuri. "Kwa shetani," alimaliza, kama anayemeza mwarobaini.

"Vema, mzee," alisema Padri kwa upole. "Sasa, mama."

Léontine alikuja mbele. Alikuwa amejifunga kitenge cha buluu na kitambaa kipya kichwani. Alisimama karibu na baba yake, akabaki amesimama.

"Piga magoti," Théophile alinong'ona. "Ao goti iko na ugonjwa?"

"Iko muzima kabisa."

Padri aliinua mkono kumtuliza katekista. "Mama Léontine, unajua kosa lako?"

"Padri, nitakuambia ninachojua," alisema. Hakupaza sauti, lakini hata walio nje walimsikia. "Nilikuwa na miaka saba. Homa ilinikamata, wakachimba shimo yangu. Asubuhi papa alinitoa kwa roho. Jioni mama alileta katekista ya zamani, akanimwagia maji, akaniita Léontine. Nikapona. Papa akasema roho njo iliniponya. Mama akasema maji. Mimi, hakuna aliyeniuliza. Nimekaa na yote mbili mpaka leo, na hakuna hata moja iliyonifukuza. Leo njo mara ya kwanza muntu ananiuliza. Basi muniache nijibu."

"Jibu," alisema Padri.

"Honoré iko pale. Muulize aliahidi nini kwa papa yangu, siku alipoleta mbuzi."

Vichwa viligeuka. Honoré alikuwa na viatu vizuri, na alivitazama sana.

"Batoto yangu walizaliwa mu ahadi. Hawakuokotwa. Ninyi munatufundisha ahadi ya mbele ya Mungu haivunjwe."

"Ahadi ile haikuwa mbele ya Mungu, mama."

"Mungu alikuwa wapi siku ile, Padri? Mwalimu anafundisha batoto kila asubuhi: Mungu iko wapi? Na batoto wanaitika: iko pahali pote."

Mtu alikohoa ili asicheke. Nyiramana alisema "Ee!" kwa sauti, bila kujificha kwenye kitenge safari hii. Padri alikuwa mtu wa haki, na alitambua kwamba jibu alilokuwa nalo lilihitaji shule ya miaka saba ili lieleweke. Kwa hiyo alifanya wanachofanya watu wa haki wanapochoka: alirudi kwenye sheria.

"Mama, sikiliza vizuri. Usipotubu, na usipofunga ndoa, baba yako hatabatizwa Pasaka hii. Labda hatabatizwa kabisa. Unafahamu?"

"Nafahamu."

Wote walimtazama mzee. Alikuwa bado chini, mikono juu ya mapaja. Mlangoni alisimama Hélène akiwa amembeba Emérita mgongoni, na Nestor pembeni yake, wote watatu wakiwa wameoga na kupakwa mafuta. Mzee aliwatazama kwa zamu, kama anayewahesabu kabla ya safari. Halafu akaweka kiganja chini ili ainuke. Goti halikukubali. Léontine akamwinamia, akampa bega, na mzee akasimama. Mbele ya watu wote alikuwa ameinuka kabla hajaruhusiwa, na hakuondoa mkono wake begani kwa binti yake.

Théophile aliona kila kitu kinaharibika. Ukali ulimtoka. Akamkaribia Léontine, akasema kama jirani anayemsihi jirani, "Mama, neno moja tu. Sema pole kwa Mungu, kwa Mwalimu wako, twende nyumbani tukakule. Hata usipige magoti. Fanya juu ya huyu muzee."

"Huyu muzee nitamubeba mimi," alisema Léontine. "Atakufa mu mikono yangu, na pahali atalala tutapatafuta mimi na batoto yake. Honoré akitaka kuwaona, njia ya kwetu anaijua, aombe kama alivyoomba. Jina yao haitoke mu nyumba yangu. Na musamaha, Mwalimu, siombi. Siombi kwako, siombi kwa Padri, siombi leo, na kesho musinitumie muntu wa kuniuliza tena."